Mwongozo wa Kuzuia Lori la Dizeli Lisichemshe Linapovuta Mzigo Mzito

Maswali ya madereva wanaoanza kuvuta tela hufanana. Kwa nini lori lisilochemsha likiwa tupu lichemshe mara tu linapofungwa tela? Je, nitoe themostati, yaani valvu inayofungua na kufunga njia ya kimiminika cha kupozea injini? Je, ninunue rejeta kubwa zaidi? Sindano ya joto ikianza kupanda katikati ya mlima, nizime injini au niiache iendelee kunguruma? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia ukaguzi wa lori likiwa limepoa hadi namna ya kulipandisha mlima na kulisimamisha. Lori linalochemsha mlimani mara nyingi huwa limepoteza uwezo wake wa kujipoza wiki nyingi kabla ya siku hiyo, ila halikuwa limepewa kazi nzito ya kutosha kulifichua.

Joto lote humu limetajwa kwa nyuzi za Selsiasi. Panapotofautiana na kitabu cha mtengenezaji wa lori lako, fuata kitabu.

JAMBO LA KUELEWA KABLA YA KUSHIKA SPANA

Injini ya dizeli haigeuzi mafuta yote kuwa nguvu ya kusukuma magurudumu. Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja ya nishati ya mafuta, au zaidi kidogo, ndiyo inayofanya kazi. Sehemu kubwa ya inayobaki hutoka na moshi wa eksozi, na iliyosalia huingia katika kulanti (kimiminika cha kupozea injini) na oili, ambako rejeta inapaswa kuitoa na kuitupa hewani. Kwa hiyo kila kilowati unayoidai kwenye injini huja na joto lake.

Chukua mfano wa lori na tela vyenye jumla ya tani 20 vikipanda mwinuko wa asilimia 6. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kuuinua uzito huo peke yake, bila kuhesabu upinzani wa upepo na wa matairi, kunadai takriban kilowati 130. Kwa kilomita 60 kwa saa kunadai karibu kilowati 196. Mlima ni uleule na mzigo ni uleule, lakini joto linaloingia kwenye kulanti kila dakika limeongezeka kwa karibu nusu. Hii ndiyo sababu hatua za uendeshaji zimepewa uzito mkubwa katika mwongozo huu, wala hazikuachwa mwisho kama nyongeza.

VINAVYOHITAJIKA KABLA YA KUANZA

Andaa vitu vifuatavyo, na uhakikishe kwamba injini imepoa kabisa, ikiwezekana baada ya kulala usiku mzima:

- kitabu cha lori, pamoja na kibao cha mtengenezaji kinachoonyesha uzito wa juu wa lori na uzito wa juu wa lori likiwa na tela;
- kulanti ya aina iliyoandikwa kitabuni, na maji yaliyokenekwa kama kulanti hiyo si ya kumimina moja kwa moja;
- kifaa cha kupimia nguvu ya mchanganyiko wa kulanti;
- kipimajoto cha kuelekeza, kile kisichohitaji kugusa kinachopimwa;
- kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, au geji ya ziada inayoonyesha joto kwa tarakimu;
- maji ya bomba yenye presha ndogo, brashi laini na tochi yenye mwanga mkali;
- glovu nene, miwani ya kukinga macho na vizuizi vya magurudumu;
- dumu la akiba la kulanti, ambalo halishuki kwenye lori hata siku moja.

Kama huna muda wa kununua vyote kwa mara moja, anza na kifaa kinachosoma joto kwa tarakimu. Sababu yake imeelezwa katika hatua ya 8.

HATUA ZA UKAGUZI

1. Pima uzito halisi. Usikadirie kwa macho. Pitisha lori na tela kwenye mizani, kisha ulinganishe matokeo na kibao cha mtengenezaji. Mfumo wa kupoza umesanifiwa kwa uzito huo, na hakuna kulanti wala feni inayoweza kufidia tani zinazozidi. Kagua pia upepo wa matairi ya tela, kwa sababu tairi laini huongeza upinzani. Baada ya kilomita chache za kwanza simama mahali salama, upime joto la kitovu cha kila gurudumu kwa kipimajoto cha kuelekeza. Kitovu kimoja kikiwa na joto kuliko vingine kwa tofauti kubwa, ujue breki yake imenata au beringi yake imechoka, na injini imekuwa ikivuta mzigo usioonekana kwenye mizani.

2. Kagua kulanti. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko uangalie kiwango, rangi na usafi. Kulanti yenye kutu, matope au mafuta yanayoelea inaeleza habari ambayo haitatibiwa kwa kuongeza kulanti mpya juu yake. Pima nguvu ya mchanganyiko. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi 107 hivi usawa wa bahari, na ukibanwa na kifuniko cha presha ya baa 1 hufika takriban nyuzi 129 kabla ya kuchemka.

Hapa ndipo linapokuja swali la kutumia maji matupu. Ni kweli kwamba maji hubeba joto vizuri zaidi kuliko mchanganyiko, na wanaoyatetea hawakosei katika hilo. Wanachosahau ni kwamba maji huchemka mapema zaidi, huleta kutu na magaga ndani ya rejeta, na hayana dawa inayolinda silinda. Injini nyingi kubwa za dizeli zina silinda za kupachikwa zinazozungukwa na kulanti moja kwa moja. Kila mlipuko ndani ya silinda huutikisa ukuta wake, na mtikisiko huo huzaa vipovu vidogo upande wa nje ambavyo hupasuka na kuula ukuta taratibu hadi utoboke. Dawa zilizomo katika kulanti ya dizeli huujengea ukuta huo utando wa kinga. Kwa maoni yangu, hii peke yake inatosha kuliondoa suala la maji matupu, isipokuwa katika dharura ya kukufikisha kwa fundi. Usichanganye pia aina mbili za kulanti kwa kuangalia rangi, kwa kuwa rangi si kipimo cha aina. Watengenezaji tofauti huzitumia rangi wanavyopenda.

3. Kagua kifuniko cha rejeta, mipira, mkanda na pampu ya maji. Kifuniko kina valvu mbili: moja hushikilia presha, nyingine huruhusu kulanti kurudi kutoka tangi la akiba injini inapopoa. Raba yake ikipasuka au kukakamaa, presha hupotea na kulanti huchemka mapema. Mpira wa rejeta ukiuona umenyonywa na kubonyea baada ya injini kupoa, valvu ya kurudisha imekwama. Minya mipira yote kwa mkono. Usiokubali kubinywa na ule uliolainika kupita kiasi, yote miwili inastahili kubadilishwa. Mkanda uwe umekaza, usiwe na nyufa wala kung'aa. Chini ya pampu ya maji kuna tundu dogo la kutolea maji. Alama ya kulanti iliyokauka hapo inaonyesha kwamba sili ya pampu imeanza kuachia.

4. Safisha rejeta pamoja na vyote vilivyo mbele yake. Hatua hii ndiyo inayopuuzwa zaidi, nami naiona kuwa yenye faida kubwa kuliko nyingine zote. Katika malori mengi, mbele ya rejeta kuna intakula ya kupozea hewa ya turbo (pampu inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini), na mbele ya intakula kuna kondensa ya kiyoyozi. Dereva huangalia mbele, huona kondensa inang'aa, akaridhika. Uchafu wenyewe hukaa katikati, kati ya intakula na rejeta, ambako vumbi, mbegu za nyasi, wadudu na mvuke wa oili hushikamana hadi kuwa kama blanketi. Ingiza tochi kutoka upande wa feni; usipouona mwanga ukipenya vizuri upande wa pili, hewa nayo haipenyi.

Osha kwa kusukuma maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume cha njia ambayo hewa huingilia, ili uchafu utoke ulikoingilia. Tumia presha ndogo. Mashine ya presha kubwa hulaza mapezi membamba ya rejeta, na mapezi yaliyolala huziba hewa vibaya zaidi kuliko tope ulilolitoa. Penye mafuta, paka sabuni inayoondoa grisi isiyodhuru alumini, iache kwa muda mfupi, kisha suuza. Iwapo nafasi ya kati haifikiki, legeza boliti za intakula uisogeze. Ni kazi ya saa kadhaa, lakini hakuna njia ya mkato inayoaminika. Mwishoni hakikisha kwamba kava linaloizunguka feni, raba zinazoziba pembeni mwa rejeta na bamba la kuelekeza hewa chini ya bampa vyote vipo mahali pake, kwa sababu bila hivyo feni huvuta hewa moto iliyokwisha kupita kwenye injini. Ondoa taa za ziada na mabango yaliyofungwa mbele ya grili.

5. Pima feni. Feni inayoendeshwa kwa klachi ya mafuta mazito ipimwe kwanza injini ikiwa imezimwa: izungushe kwa mkono. Iwe na ukinzani laini; ikizunguka yenyewe mizunguko kadhaa kama gurudumu la baiskeli, klachi imechoka. Tafuta pia michirizi ya mafuta kwenye kitovu chake. Injini ikishapata joto la kazi, sikiliza: feni inaposhika hutoa mvumo mkubwa unaosikika hadi ndani ya kabini. Dereva anayepanda mlima mrefu na mzigo mzito siku ya jua bila kusikia mvumo huo hata mara moja ana sababu ya kuwa na shaka. Kwenye malori yenye feni inayoshikwa kwa upepo uliobanwa, kagua bomba la upepo na swichi yake, na kama kuna kitufe cha kuiwasha feni kwa hiari, jua kilipo kabla hujakihitaji. Usiingize mkono, kitambaa wala kitu chochote kwenye feni injini ikiwa inafanya kazi.

6. Ibadilishe themostati iliyochoka, wala usiitoe. Fundi akikushauri kuitoa ili maji yapite bila kizuizi, mkatalie kwa heshima. Katika injini nyingi za dizeli themostati hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta na hapohapo huifunga njia ya mkato inayoirudisha kulanti kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi muda wote, na sehemu ya kulanti huendelea kuzunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Matokeo yake ni kwamba lori hukaa baridi mno likiwa tupu, kisha huchemsha likipewa mzigo. Themostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 80 na 95; nunua yenye joto lililoandikwa kitabuni.

7. Toa hewa kwenye mfumo kila unapojaza kulanti upya. Hewa iliyonaswa kwenye silinda hedi (sehemu ya injini inayofunika silinda kwa juu) huacha sehemu ya chuma bila kulanti, na sehemu hiyo hupata joto kali hata kama sindano inaonyesha usalama. Simamisha lori kwenye mwinuko mdogo pua ikitazama juu, fungua hita ya kabini hadi mwisho, legeza skrubu za kutolea hewa kama zipo, kisha mimina taratibu. Washa injini, iache ifike joto la kufungua themostati, izime, isubiri ipoe kabisa, ndipo uongeze kilichopungua. Mara nyingi zoezi hili hulazimika kurudiwa mara mbili.

8. Funga kifaa kinachosoma joto kwa tarakimu. Geji nyingi za dashibodi za siku hizi zimepangwa kukaa katikati katika upana mkubwa wa joto ili dereva asishtuke kwa mabadiliko madogo. Zinapoanza kusogea, hatari imekwisha kuwa karibu. Tarakimu hukupa dakika kadhaa za kuamua. Kwa kuvuta tela, fuatilia vitu vitatu kama lori lako linaviruhusu: joto la kulanti, joto la oili ya giaboksi kama ni ya kujiendesha yenyewe, na joto la moshi kabla ya turbo. Andika tarakimu za kawaida za lori lako likiwa tupu na likiwa na mzigo. Bila kumbukumbu hiyo, nyuzi 101 ni namba tu. Ukiwa nayo, unajua kwamba mwezi uliopita mlima uleule ulikupa 96.

9. Kagua oili ya injini na ya giaboksi. Katika injini nyingi za dizeli zenye turbo, oili hurushwa kwenye tumbo la kila pistoni ili kuipoza. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na moshi unaotoka kwenye silinda chini ya mzigo mzito unaweza kufika hapo na kupita. Pistoni ya alumini husalimika kwa sababu joto huondolewa upesi. Oili ikipungua au kuchakaa, kinga hiyo hudhoofika. Oili ya giaboksi ya kujiendesha yenyewe ikikaa kati ya nyuzi 80 na 95 iko mahali pazuri. Ikizidi 120 huanza kuharibika haraka. Kumbuka kwamba katika malori mengi oili hiyo hupozwa kupitia rejeta, hivyo giaboksi iliyopata moto huongezea injini mzigo wa joto.

HATUA ZA UENDESHAJI

10. Anza taratibu. Usiidai injini nguvu kubwa kabla kulanti na oili hazijapata joto la kazi. Kama lori lina hali maalumu ya kuvuta tela, iwashe kabla ya kuondoka, kwa sababu huzuia giaboksi kurukaruka kati ya gia mbili, jambo linalozalisha joto jingi kwenye oili yake.

11. Shusha gia kabla ya mlima, si katikati yake. Dereva mpya hudhani kwamba injini inayozunguka taratibu ndiyo inayopumzika. Kwa dizeli iliyobebeshwa mzigo ni kinyume. Ukiing'ang'anisha gia ya juu injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini na mguu umefika sakafuni, unamimina mafuta mengi kwenye hewa kidogo: joto la moshi hupanda, huku pampu ya maji na feni, ambazo huzunguka kwa kufuata injini, zikizunguka polepole wakati zinahitajika zaidi. Ukishusha gia mapema, mizunguko huongezeka, turbo huleta hewa ya kutosha, pampu husukuma kulanti nyingi zaidi na feni huvuta hewa zaidi. Chagua gia inayoiweka injini katika mizunguko ambayo kitabu kinaitaja kuwa ya nguvu nyingi, kisha weka mguu mtulivu usiokanyaga hadi mwisho.

Halafu punguza mwendo. Ule mfano wa kilowati 130 na 196 ndio unaofanya kazi hapa. Joto la kulanti likipanda nyuzi 5 juu ya kawaida yako ya mlima huo, legeza mguu mara moja, usisubiri taa. Joto la moshi kabla ya turbo likikaribia nyuzi 700 na kubaki hapo, legeza pia, kwani hicho ndicho kikomo ambacho wavutaji wengi wa tela hukiheshimu kwa safari ya mfululizo. Zima kiyoyozi kwenye milima mirefu, kwa sababu kondensa yake huipasha moto hewa inayokwenda kwenye rejeta. Acha nafasi kubwa kati yako na lori lililo mbele, ili usivute hewa moto iliyotoka kwake.

Kwenye milima mirefu iliyo juu sana kutoka usawa wa bahari, kuwa mwangalifu zaidi. Kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300, na hewa huwa nyepesi kwa kadiri ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo feni ileile hubeba joto kidogo kuliko ilivyokuwa bondeni. Mwendo uliokufaa chini usiutarajie kule juu.

12. Shuka ukiwa na gia inayokushikilia. Breki ya injini na ile ya eksozi hazina tatizo kubwa la joto la kulanti. Ritada ya mafuta (kifaa cha kupunguza mwendo bila kutumia breki za magurudumu), hata hivyo, hugeuza nguvu ya lori kuwa joto na kulipeleka kwenye kulanti, ndiyo sababu dereva anaweza kushangaa kuona sindano ikipanda wakati anashuka. Ukiitumia, weka mizunguko ya injini juu ili pampu na feni zifanye kazi, na upunguze mwendo tangu kileleni.

13. Ukifika, usizime injini papo hapo. Iache ingurume bila kukanyagwa mafuta kwa dakika 3 hadi 5 baada ya kazi nzito, ili oili iendelee kuipoza turbo. Ukizima turbo ikiwa nyekundu, oili iliyobaki ndani yake huungua na kuwa masizi yanayoziba njia.

SINDANO IKIPANDA LICHA YA YOTE

Punguza mguu, shusha gia, zima kiyoyozi, fungua hita ya kabini kwenye joto la juu kabisa pamoja na feni yake. Hita ni rejeta ndogo, na ingawa kabini itakuwa kama tanuri, mara nyingi huipunguza kulanti nyuzi chache zinazokutosha kufika mahali salama pa kusimama.

Ukisimama, weka gia huru, funga breki ya mkono, weka vizuizi vya magurudumu, kisha uamue kwa kuangalia jambo moja: je, kulanti bado ipo? Kama hakuna mvuke, hakuna kinachomwagika, mkanda upo na presha ya oili ni nzuri, usizime injini. Ishikilie kwenye mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika ili pampu na feni ziendelee kutoa joto. Lakini kama kulanti imemwagika, mkanda umekatika au taa ya oili imewaka, zima injini papo hapo. Katika hali hiyo usiiamini sindano ikishuka ghafla, kwa kuwa kihisi kilichobaki kwenye hewa bila kulanti kinaweza kusoma joto la chini wakati chuma kinaungua.

ONYO: Usifungue kifuniko cha rejeta wala cha tangi lenye presha injini ikiwa na moto. Kulanti iliyobanwa kwenye nyuzi 115 hugeuka mvuke mara presha inapoachiwa, na huruka usoni. Subiri hadi uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuungua. Usimimine maji baridi kwenye injini yenye moto, kwa sababu silinda hedi inaweza kupasuka. Subiri ipoe, kisha mimina kidogo kidogo.

KUTAFUTA CHANZO CHA TATIZO

Lori linachemsha kwenye foleni lakini linapoa likikimbia. Anza na feni: klachi, kava na mkanda wake. Mwendo wa lori ndio uliokuwa ukifanya kazi ya feni.

Lori linapoa kwenye foleni lakini linachemsha likikimbia au likipanda mlima. Shuku rejeta iliyoziba nje au ndani, mpira wa chini unaonyonywa na kubonyea, au pampu iliyochakaa. Elekeza kipimajoto sehemu mbalimbali za rejeta injini ikiwa na joto. Mistari inayobaki baridi katikati ya eneo lenye joto ni mirija iliyoziba ndani.

Kulanti inapungua na hakuna tone chini ya lori. Kagua oili kama imegeuka rangi ya maziwa, na eksozi kama inatoa moshi mweupe usiokwisha. Chanzo kinaweza kuwa gasketi ya silinda hedi, au kipozeo cha moshi unaorudishwa kwenye injini, ambacho kwenye malori ya kisasa huvuja kwa ndani bila kuacha alama nje.

Mpira wa juu unakuwa mgumu dakika chache baada ya kuwasha injini baridi, au vipovu havikomi kwenye tangi. Gesi ya mlipuko inaingia kwenye kulanti. Mafundi wana kimiminika kinachobadilika rangi kinapopitishiwa mvuke wa tangi lenye gesi hiyo. Omba kipimo hicho kabla ya kukubali kufungua injini.

Joto lilianza kupanda baada ya injini kuongezewa nguvu kwa kompyuta. Rudisha mpangilio wa mtengenezaji kabla ya kuvuta tela. Mafuta ya ziada ni joto la ziada, na rejeta haikubadilika.

Sindano inapanda lakini kipimajoto cha kuelekeza kwenye kasha la themostati kinaonyesha kawaida. Kagua kihisi na waya zake, hasa sehemu ya kuungia yenye kutu, kabla ya kununua kifaa chochote kikubwa.

Lori lilichemsha hadi kutoa mvuke, sasa limejazwa na linaonekana zima. Usiunganishe tela bado. Liendeshe tupu, angalia kiwango cha kulanti likiwa limepoa kwa siku tatu mfululizo, kagua oili, na ufanye kile kipimo cha gesi; silinda hedi iliyopinda kidogo huweza kuvumilia lori tupu kwa majuma mengi, kisha ikaachia kwenye mlima wa kwanza ukiwa na mzigo.